Ganda la Waya

Ulikuwa na miaka kumi na saba, Merran,
na mimi kumi na minane, ndani ya shati la kaka yangu.
Ukumbi wa Dounby ulinuka sufu mbichi na bia,
fidla zikikimbizana, na nje, saa tano za usiku,
jua la Juni lilikuwa bado halijaamua kulala.
Nyuma ya ukuta wa mawe, kando ya matrekta,
tulibusiana kama watu wanaochelewa feri.

Wiki ya sita ukaugua.
Tezi za shingo zikavimba kama viazi vipya,
koo likakataa hata mchuzi wa mama yako.
Homa ya tezi, alisema daktari, ugonjwa wa vijana,
akacheka, akaniangalia.
Mama yako naye akaniangalia. Hakucheka.
Ukapona. Tukavuna shayiri. Tukaoana. Tukasahau.

Mgeni hakusahau.
Alikunja miguu ndani ya damu yako akalala,
kama anavyolala katika yangu,
na ya kasisi, na ya muuza samaki,
na ya watu tisini na zaidi katika kila mia.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu hakushika jembe
wala hakuondoka.

Miaka kumi na minne ikapita.
Asubuhi moja ulimwaga ndoo ya maziwa,
ukasema mguu umelala.
Uliulalia? nikauliza.
Ulikuwa umesimama wima.
Kisha jicho la kushoto likaanza kupoteza wekundu:
boya la bandarini, koti la Sunniva wetu,
vyote vikawa rangi ya chai iliyopoa.

Daktari Lockhart huja kwa ndege kutoka Aberdeen
Alhamisi moja kwa mwezi, upepo ukiruhusu.
Alituwekea picha ya ubongo wako mezani,
kijivu, na madoa meupe
kama kinyesi cha shakwe juu ya paa la zizi.
Makovu, alisema. Akahesabu tisa. Akaacha kuhesabu.

Mimi ni fundi wa mitambo ya upepo; nyaya nazijua.
Ganda likichunika, umeme hukosa njia,
hurusha cheche, hufika nusu, au haufiki.
Kumbe nawe una nyaya,
kumbe ganda lake ni mafuta,
na anayelibambua ni askari wako mwenyewe:
alifundishwa sura ya kirusi akaikariri,
akakutana na uso wa nyumbani unaofanana nayo,
hakuuliza jina.
Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kwamba huenda
ni nguo yenyewe.

Ni lile busu? niliuliza.
Daktari akavua miwani.
Akaeleza habari za damu ya askari wa nchi ya mbali,
iliyogandishwa miaka na miaka kwenye majokofu;
walipoifungua, wakaona kwa karibu kila aliyeugua
kirusi kilitangulia, kovu likafuata.
Lakini ni kiberiti, alisema.
Kila nyumba ina kiberiti. Ngapi huungua?
Pengine kuna urithi, pengine uhaba wa jua,
pengine jambo ambalo bado hatujalipa jina.
Na kama si wewe, angekuwa binamu,
kikombe cha shule, filimbi ya kuazima.

Garini sikusema neno hadi Finstown.
Saa tisa na nusu, giza limeshaingia, Desemba.
Kondoo walikuwa macho mawili mawili barabarani.
Ukaweka mkono wako wenye ganzi juu ya gia, juu ya wangu,
ukasema: Tuelewane.
Aliyeanza kubusu ni mimi.
Ulikuwa unazungumza habari za matrekta,
nikachoka kusikiliza.

Usiku nilichukua utepe mweusi, ule wa kufungia nyaya,
nikauzungusha kwenye mkono wa kikombe chako,
mara tatu, mara nne,
ili vidole vyako vijue kwamba kipo.
Ulikunywa. Ukasema chai ina ladha ya mpira.
Ukanyoosha kikombe niongeze.