Kifungu cha Tafsiri

Ukumbini Malindi, feni nne, inazunguka moja.
Karani anausoma Mswada wa Makazi
kama mtu aliyeacha chungu motoni:
“Katika Sheria hii, isipokuwa muktadha uhitaji vinginevyo,
‘nyumba’ maana yake ni jengo, au sehemu ya jengo,
linalofaa kukaliwa na binadamu.”

Nikainua mkono. Nyevu Charo, wa Kisumu Ndogo.
Nina funguo kumi na moja kibindoni,
za majumba ya Kasuarina, kila moja na bwawa lake.
Wenyewe huyajia Desemba, mwaka wakikumbuka.
Nisipofungua madirisha kila Jumanne
mashuka huota ukungu
kwa kukosa pumzi ya mtu.
Hayo yanafaa kukaliwa. Je, yanakaliwa?
Andika, mwanangu.

Ufunguo wa kumi na mbili ni wangu:
futi kumi kwa kumi, watu watano,
mmoja akigeuka usiku, sote twageuka.
Kodi ilikuwa elfu tatu.
Likaja bomba la maji (si ndani, pale njiani)
ikawa elfu nne na nusu.
Bwana Shosi si mkatili, hunijulia hali mpaka ya kuku.
“Nyevu,” husema, “saruji imepanda.”
Imepanda kweli. Sisi ndio tuliobaki chini
tukiishikilia ngazi.

“Swali lako ni lipi, mama?”
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Swali langu ni “nafuu.”

Akapekua. Kifungu cha tisa:
“‘nafuu’ ni makazi ambayo malipo yake
hayazidi thuluthi ya kipato cha mwezi.”
Thuluthi! Neno hilo nilizoea kulisikia
watu wakigawana mali ya marehemu.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia,
kisha nikauliza:
mwezi upi?
Desemba nina mshahara.
Mei nina funguo tu.

Feni ikazunguka.
Kalamu yake ikasimama juu ya karatasi
muda wa kutosha nzi kutua na kuondoka.
“Litazingatiwa,” akasema, akafunua ukurasa.

Baadaye, penye birika la chai,
akanijia na kikombe kisicho sahani,
akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mswada:
“Huko Kisumu Ndogo, mama,
hakuna chumba kitakachoachwa wazi
kabla ya mwisho wa mwezi?”