Kodi ya Ng'ambo

Bi. Petrucelli, karani wa mishahara,
sikuandikii kwa hasira. Hasira niliimaliza Februari,
usiku nilipofungua bahasha yenu kando ya jiko baridi
nikakuta dola mia nane na sita za kodi
zimekwenda New Jersey, Ijumaa baada ya Ijumaa,
kwa jimbo nililoliaga Januari, tarehe tatu,
na masanduku mawili, kikaango, na taa ya mama.

Fomu nilikuletea mwenyewe. Unakumbuka?
Ulikuwa unamenya chungwa. Ukaiweka chini ya kikombe,
ukasema, "Nitashughulikia, Verna,"
na alama ya kikombe ikabaki juu ya mji wangu mpya,
duara la kahawia, Easton katikati kama kisima.

Kosa dogo, ukaniambia. Kompyuta.
Lakini fikiri: mwaka mzima mwili wangu ulivuka daraja
kila alfajiri, kutoka zamu, unga bado kwenye nyusi,
na jasho langu likabaki ng'ambo
likiziba mashimo ya mtaa nilioukimbia,
likiwasha taa ya barabarani
mbele ya dirisha la Merle.

Bi. Fenstermacher anayejitolea pale maktaba,
mstaafu wa posta, miwani imefungwa kwa uzi,
alinieleza kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu:
majimbo haya mawili yana mapatano ya zamani.
Kodi ya mshahara hufuata mto unaoulalia,
si mto unaouvuka.

Basi si wapeane tu, nikauliza,
wa kule wawakabidhi wa huku?
Akatikisa kichwa. Serikali hizi haziazimani chumvi.
Wa huku wanataka zao kwanza: elfu moja mia mbili na sitini.
(Ndiyo, zaidi. Nyumbani ni ghali kuliko ugenini.)
Wa kule watanirudishia zangu
nikishawathibitishia, kwa fomu ya wageni,
mimi niliyezaliwa hospitalini kwao,
nikaolewa kanisani kwao,
kwamba mimi si mtu wao.

Mapato ya kutozwa New Jersey: sifuri.
Niliiandika sifuri ile nikakandamiza kalamu
hadi ikatokeza ukurasa wa pili.
Miaka kumi na tisa ya ndoa,
na hakuna aliyewahi kunipa mstari
wa kuandika hivyo.

Nikakopa kwa dada yangu Arlene, nikalipa siku mbili kabla ya mwisho.
Kisha nikangoja. Mei. Juni.
Kodi ya nyumba haingoji;
mwenye nyumba wangu haijui kodi nyingine ila hiyo,
na yeye, angalau, hajawahi kukosea mlango.

Hundi ilitoka Julai. Mia nane na sita, kamili.
Na walikoipeleka, Bi. Petrucelli, utakisia:
kwa anwani waliyokuwa nayo tangu nikiwa mke wa mtu.

Merle aliileta kwa miguu.
Hakuwahi kuvuka daraja lile kuja upande huu,
hata siku nilipohama.
Alisimama ngazi ya chini, bahasha haijafunguliwa,
shati limeloa mgongoni,
akalisoma jina langu kwa sauti, lile la kwa baba,
taratibu, kama mtu asomaye bango la mji asioujua.
"Wamekosea nyumba," akasema.
Nikamwambia, "Mwaka mzima."

Akakaa kimya. Chini yetu gari la taka lilipita.
Sikumkaribisha ndani. Nilimpa mkate wa zamu ya usiku,
umekatwa tayari,
akaubeba kwapani akarudi kwake, jimbo jingine,
dakika kumi na moja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Fomu mpya nimeiambatanisha.
Tafadhali, safari hii,
kikombe kiweke kwingine.