Alipoacha Kubisha

Siku ya kwanza alinibishia.
"Ni uchovu tu, mama. Jana tulibeba saruji,
mifuko thelathini, kutoka gatini hadi Mkomani."
Nikasema kalale. Akalala na viatu.

Siku ya pili nikamgusa shingo
kwa mgongo wa mkono, kama nigusavyo sufuria
nisiyojua imeepuliwa lini.
"Twende hospitali."
"Mimi si mtoto."
Kweli, si mtoto. Ana miaka ishirini na mbili,
ana ndevu, ana simu yenye namba ya siri,
ana msichana wa Langoni ambaye mimi simjui
(namjua: ni binti wa Bi Mwanajaha, muuza ukwaju).
Mtoto ungemfunga mgongoni kwa leso, ukatoka.
Mtu mzima mwenye homa habebwi:
unamwomba, unasubiri,
unajifanya umeingia kutafuta mkasi.

Basi nikakaa ukumbini na kofia ya watu,
nusu yake imeshonwa, nusu ni kalamu tupu.
Kila nikimaliza safu ya matundu, naingia na kikombe.
Nikaanza kuandika nyuma ya karatasi ya deni la uzi:
saa nne, amekunywa nusu.
Saa saba, ametapika.
Alasiri, mkojo rangi ya chai kavu.
Magharibi, asema taa yamchoma mato.
Sikusoma sana, lakini hesabu ya matundu naijua:
ukikosa moja, safu ya kumi ndiyo itakayokusuta.

Majirani wakaja, kila mmoja na tabibu wake mdomoni.
Huyu mwarobaini. Yule kombe.
Yule, "Hiyo ni husuda, kijana ana kazi."
Shemeji Athman: "Panadoli, alale. Mwamdekeza."
Nilipokea vyote. Mwarobaini alioga, kombe alikunywa,
panadoli alimeza.
Sikuiona dua ikigombana na dawa;
waliogombana ni watu.
Karatasi yangu haikusikia la mtu:
isha, bado moto. Maji hataki.

Na pesa? Niseme ukweli:
nilihesabu pesa kabla ya kuhesabu pumzi zake.
Mia nane, chini ya mkeka.
Nikauonea haya mkeka.

Saa tisa usiku nikaingia.
"Lali, baba, twende sasa."
Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wake,
majibu nimeyapanga kama sindano kwenye kitambaa.
Akasema, "Haya, mama."

Haya.

Tangu ajue kusema, mtoto huyu hajaniambia haya
bila kuitia lakini nyuma yake.
Mikono yangu ikafa ganzi.
Hapakuwa na jingine la kungoja.

Nikamgongea Famau, mwenye mkokoteni wa maji.
Hakuuliza. Alishusha madumu, akatandika gunia
na mto wa mkewe. Tukamlaza, miguu yaning'inia.
Kichochoro chetu ni chembamba, tukakwaruza kuta zote mbili.
Punda aliyelala njiani akakataa kuondoka,
Famau akamwomba radhi kama mtu.
Mimi mbele na tochi, bila buibui.
Nilisahau. Miaka arubaini na tisa, sijawahi.

Muuguzi wa zamu alijaribu kuikunja shingo ya mwanangu,
ikakataa.
Ilianza lini? Anakunywa? Anakojoa?
Nikatoa karatasi ya deni.
Akaisoma pande zote, hata bei ya uzi.
Hakusema umechelewa. Hakusema umewahi.
Alisema, "Shika hapa," nami nikaishika chupa ya dripu
juu, juu, mpaka bega likalia.

Leo ni siku ya tano. Wanaokuja kumtazama
wananiuliza mbona ulingoja,
na mbona ulimtoa usiku wa manane kama mwizi;
watu ni wale wale.
Nawakaribisha biskuti.

Asubuhi Lali alionja uji,
akasema hauna sukari.
Nikasema inatosha.
Akasema haitoshi.
Nikasema daktari ameniambia inatosha.
Akasema, "Haya, mama, lakini—"