Kilomita Arobaini na Moja

Puerto Montt tuliiacha ikikohoa mvua.
Baiskeli tisa, kengele moja tu inayolia:
ya Eduvigis, mjane wa mwaka jana,
tandiko bado kwenye urefu wa marehemu.
"Lishushe," Nahuel akamwambia. Hakujibu.
Akakanyaga kwa ncha za vidole.

Mlima wa kwanza ulitunyamazisha sote,
hata Lautaro, aliyekuwa akituhesabia siku thelathini
kama mtu anayerudisha chenji.

Jioni: kilomita arobaini na moja. Basi.
Magoti yanadai deni lisilo na hati.
Tunakamua soksi. Mkate unapita, umelowa,
hakuna anayeukataa.

Nje, gizani, mtu anahangaika na spana.
Nati inalia, inagoma, inalegea.
Tandiko linashuka
kidole kimoja.