Sahani ya Kumi na Saba

Zamani, kuuona mzizi ilikuwa kuung'oa,
na ukishang'oka umekufa.
Mama alilijua hilo kwa jembe, kule Kitangari:
muhogo uliochimbwa haurudi shimoni
kukuonyesha ulipitia wapi.

Leo niko Naliendele,
koti jeupe, kiwiko kimetoboka,
naotesha miche ya muhogo kwenye sahani za kioo,
ndani ya uji ulioganda, mwangavu kama nyama ya dafu changa.
Mizizi inashuka mbele ya macho yangu,
haijui kama inatazamwa.

Sahani kumi na sita ni nzima.
Katika ya kumi na saba tumenyamazisha jeni moja,
moja tu, kati ya maelfu.
Kazi yake hatukuijua. Ndiyo njia yetu:
unaiondoa, kisha unakaa
usubiri kitakachokosekana.

Siku ya tatu, kimya. Umeme ukakatika, ukarudi.
Siku ya tano Chilumba, kijana wa mazoezi, ananong'ona:
"Dada Somoe, huu mzizi umesahau chini."

Kweli.
Ulikunja kushoto, ukapanda,
ukaikata njia yake mwenyewe,
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyozaliwa.

Nikauweka chini ya hadubini.
Jeni ya kung'aa, tuliyoiazima kwa yavuyavu
(yule yule anayewachoma kina mama wa Mikindani
wakichokoa pweza maji yakipwa),
ilikuwa imewasha kijani ncha nzima, seli kwa seli.
Kila kitu kipo. Ila zile punje za wanga
ambazo hutua sakafuni mwa seli
na kuuambia mzizi: huku.
Wanga ule ule tunaousonga ugali.

Nikaandika: hauelekei chini. Nikaweka tarehe.

Hatukujua nani huamka saa kumi alfajiri
kuteremka bondeni kwenye kisima
hadi asubuhi ile, baada ya matanga,
mtungi ulipogongwa ukalia mtupu.
Baba alizunguka ua na ndoo mkononi,
akaenda upande wa jikoni, akarudi,
akaenda tena.

Katika fani yetu, jeni nyingi huitwa
kwa kasoro inayobaki zikiondoka.
Kwa kanuni hiyo, Mama angeitwa Kiu.

"Hii tuitupe?" Chilumba anauliza,
sahani iko mkononi mwake, inatikisika kidogo.

Iache.
Igeuze tu, tuone itakwenda wapi.