Nilikuuza Ungali Umenona

Sikukuaga. Asubuhi ya mnada wa Kibirashi
nilikuvua kengele, nikaificha ndani ya shuka,
maana njia nzima ingekuwa inanisema.
Ulitembea kama mwenye mji.
Nundu ilitikisika, ngozi inang'aa,
na mnunuzi wa Ngamiani akakupapasa mbavu
akazikosa.

Ulikuwa wangu, nilikuja nawe kutoka kwa baba,
lakini Lesikar hakunisemesha siku tatu.
Alikula kwa mama yake.
"Ng'ombe hauzwi na shibe," alisema mama mkwe,
"huuzwa na njaa."
Nami moyoni: ndiyo maana huuzwa bure.
Mwaka ule mwingine, nani asiyeukumbuka,
tuliuza ngozi. Ngozi kumi na tisa,
zimekauka kama milango,
na aliyezinunua alitupunja,
kisha akatupa pole.

Bei yako niliihesabu mara mbili.
Ikaenda hivi: seng'enge, misumari,
pumba gunia sita kutoka Songe,
sare ya Nembris (nitakudanganya nikisema haikuwamo),
na soda moja, ya moto,
niliyoinywa peke yangu nyuma ya lori
nikilia.

Tukalifunga bonde la chini ya kilima,
wanawake kumi na mmoja.
Tukaliita alalili kama walivyoita wazee,
ijapokuwa wazee hawakuwa na seng'enge
wala bwana mifugo wa kuwapimia kwa hatua.
Nyasi zikafika kiunoni.
Vijana walipita wakizitazama
kama fedha ya mtu mwingine.
"Mnalisha upepo," walisema.

Vuli haikuja.
Novemba ikapita na mawingu yake ya kuazima.
Lambo likawa tope, tope likawa ufa.
Wengine walishuka hadi kwenye mahindi ya watu,
wakarudi na kesi.

Januari tukafungua lango.
Ndama kwanza, kisha wenye mimba.
Kengele yako niliifunga pale, kwenye waya,
akiingia mtu, unalia.
Usiku wa manane unalia, naamka na rungu:
mara swala, mara upepo,
mara moja Lesikar,
amembeba ndama wa dada yako mabegani,
ananyata kama mwizi wa mali yake mwenyewe.
Sikumuuliza kitu.
Nilimshikia tochi.

Tulipoteza wanne. Nasema wanne
nisije nikasifiwa.
Mmoja wao ni yule mzee mweusi
aliyekuwa akilala ubavuni mwako.

Masika yamenyesha, si sana.
Jana mama mkwe alisimama kizizini muda mrefu,
ugoro mkononi, kisha akauliza, kwa mbali,
kama anayeulizia habari za wageni:
"Yule mwenye baka, ananona,
au ni macho yangu?
Na mnada ni lini?"

Ndama wa dada yako ana shingo tupu.
Watoto wanataka nimvike kengele.
Bado.
Lango lina kazi.