Makazi

Kazi yangu kushika tochi na kuandika.
Nsajigwa ndiye anayeosha vidonda;
Bi Tukae anapakua, na hapendi haraka:
wali wa kutupiwa, anasema, haushibishi
hata ukijaa sinia.

Kila Alhamisi, saa nne na nusu usiku,
bajaji inatushusha Mtaa wa Swahili
na sufuria iliyofungwa kanga, ndoo ya maji ya chumvi,
na bahasha yangu ya kadi.

Kadi ina mistari minne:
Jina. Umri. Makazi. Ndugu wa karibu.
Aliyeichapisha alikuwa na nyumba.

Tulimkuta amelalia katoni ya friji,
mguu kautenga pembeni kama wa mtu mwingine.
"Jina?"
"Issa Chitanda. Kwetu Newala, chitanda ni kitanda.
Cheka tu. Mimi nilishamaliza kucheka."
"Umri?"
"Andika hamsini. Ukiniongezea mchuzi, arobaini na tisa."

Nikafika mstari wa tatu, kalamu ikasita.
Nilitaka kuuruka. Akauona mkono wangu.

"Mbona huulizi? Andika:
baraza la duka la mapazia,
kati ya nguzo ya pili na ya tatu,
kuanzia saa nne usiku, wakishafunga,
mpaka saa kumi na moja, mlinzi akinigusa na rungu.
Hanipigi, ananigusa.
Mchana sina anwani. Mchana natembea."

Niliandika yote. Maneno yakatoka nje ya mstari,
yakapanda ukingoni, yakageukia nyuma ya kadi.

"Ndugu wa karibu?"
"Karibu kiasi gani?"
Akanyoosha mkono gizani, akapima,
ukamfikia aliyelala katoni ya pili.
"Huyu basi. Jina lake silijui. Anakoroma."

Nsajigwa alikuwa akilowesha kitambaa mguuni,
kipande cha kanga kilichogandia nyama.
Kilibanduka polepole, uzi kwa uzi.
Katika jina la kanga lilibaki neno moja, JIRANI,
nalo likaelea kwenye ndoo
mpaka maji yakawa mekundu sikulisoma tena.

Kisha masika ikatupokonya Alhamisi mbili.
Jangwani palijaa, bajaji ikagoma,
Bi Tukae akapika, akagawia majirani zake Magomeni,
hakuongea na mtu siku nzima.

Alhamisi ya tatu baraza lilikuwa na nondo.
Kuanzia nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho,
rangi ya kijani, mbichi, ilinibaki kiganjani.
Nilisimama na kadi
kama mtu wa posta mbele ya nyumba iliyobomolewa.

Tulihudumia wengine. Mtoto mwenye pumu. Mama wa kikohozi.
Sahani moja ilikaa imefunikwa, ikapoa.

Alitokea upande wa Narung'ombe, anachechemea,
mkononi bendeji mbili, zimefuliwa,
zimeviringishwa kwa kukaza kama zilivyotoka dukani.
"Nimewarudishia. Hii moja ilikuwa na doa sugu,
ndiyo iliyonichelewesha."

"Bendeji hairudi—" Nsajigwa akaanza,
akaacha. Akazipokea kwa mikono miwili.

Kidonda hakikupona. Upande mmoja kilijivuta,
upande mwingine kilikuwa kinatafuta njia.
Akaoshwa. Hakuguna.
Aliguna nilipotoa kadi.

"Futa mapazia."
Wino haufutiki. Nikakata mstari juu yake.
"Andika: ngazi za duka la vyombo, Narung'ombe.
Ngazi ya tatu. Ya nne inavuja."
Akainama kwenye tochi, akasoma,
kidole kikifuata kila neno kama mhakiki wa hesabu.
"Ongeza: kwa sasa."
Nikaongeza.

"Na ndugu wa karibu? Nimkate?"
"Huyo muache. Yuko nyuma yangu, anakuja.
Yule hukoroma hata akitembea."

Bi Tukae akasikiliza gizani,
akaimwaga ile sahani iliyopoa sufuriani,
akachanganya, akapakua mbili.